Rasi Agulhas na mizabibu ya Elim kwa siku moja: maswali ya familia kabla ya safari

Kila mgeni anayetutembelea Cape Town hupelekwa Mlima wa Meza siku ya kwanza. Siku ya tatu, nikiona bado ana nguvu, namwambia alale mapema kwa sababu kesho alfajiri tunakwenda mwisho wa Afrika. Nimeshaifanya safari hii na watoto wangu, na mama mkwe wangu, na shemeji zangu waliokuja na mtoto wa miezi minane, na maswali yao huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Kama una haraka, soma la watoto na la dereva, maana hayo mawili ndiyo yanayowaharibia watu siku.

Tunakwenda wapi hasa?

Rasi Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara la Afrika, katika jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini. Kijiji chenyewe kinaitwa L'Agulhas na jirani yake ni Struisbaai, kijiji cha wavuvi. Mnara wa taa umesimama hapo ukiitazama bahari tangu 1849. Ukiipa bahari kisogo na kuingia bara kidogo, unafika Elim, kijiji cha Wamoravian (Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti) kilichozungukwa na mashamba ya mizabibu. Mnara asubuhi, mizabibu mchana, na nyumbani kabla watoto hawajachoka kabisa.

Mbona tulifundishwa kwamba mwisho wa Afrika ni Rasi ya Tumaini Jema?

Wengi tulifundishwa hivyo, au tulielewa hivyo. Rasi ya Tumaini Jema iko karibu na Cape Town na ni maarufu zaidi, ila haifiki kusini kama Agulhas. Kati ya rasi hizo mbili kuna takriban kilomita 150. Pale Agulhas, kama mwendo wa kilomita moja magharibi ya mnara, kuna alama ya mawe inayoonyesha ncha yenyewe, na karibu yake ramani kubwa ya Afrika iliyojengwa chini unayoweza kutembea juu yake. Watoto wangu huanza kwa kuitafuta Tanzania, kisha hugombania nani asimame Dodoma.

Jina Agulhas linatoka wapi?

Ni Kireno, maana yake sindano. Sindano iliyokusudiwa ni ya dira. Mabaharia Wareno waliopita hapa miaka ya kuelekea 1500 waliona kwamba sindano ya sumaku inaelekea kaskazini halisi, bila kupinda kushoto wala kulia kama ilivyofanya kwingineko. Sumaku ya dunia haitulii, kwa hiyo leo mahali hapo hapo sindano inapinda zaidi ya digrii 20 kuelekea magharibi. Mwenye watoto wa shule awabebee dira ya kawaida, awaonyeshe tofauti kati ya dira hiyo na ramani. Ni somo la jiografia ambalo darasani halipatikani.

Wareno hao hao ndio waliopanda pwani yetu baadaye. Vasco da Gama alipita rasi hii mwishoni mwa 1497, na Aprili 1498 alikuwa Mombasa kisha Malindi. Mtu wa Malindi aliyezoea kuiona nguzo yake pale ufukweni, akisimama Agulhas anasimama kwenye kona waliyopinda kabla ya kufika kwao.

Tutaona mstari bahari mbili zinapokutana?

Hapana, na ni vizuri kuwaambia watoto mapema wasije wakavunjika moyo. Kwa makubaliano ya kimataifa, Bahari ya Hindi na Atlantiki zinagawanyika kwenye mstari wa longitudo ya digrii 20 mashariki, unaopita hapo Agulhas. Hiyo ni mipaka ya ramani. Maji yenyewe hayaujui mpaka huo. Mkondo wa joto kutoka mashariki na mkondo wa baridi wa Benguela upande wa magharibi hukutana mahali panapohama kila mara, kati ya Agulhas na Cape Point. Utakachoona ni bahari moja kubwa, ya kijivu siku ya mawingu na ya buluu kali siku ya jua, ikipasuka juu ya miamba.

Mimi hupenda kuwaeleza wageni habari za mkondo wenyewe, kwa sababu unatuhusu. Maji ya Bahari ya Hindi yanayosukumwa magharibi hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, pale Msumbiji inapopakana na Tanzania, na hapo hugawanyika. Sehemu moja hupanda kaskazini kuelekea Mtwara, Dar es Salaam na Mombasa. Sehemu nyingine hushuka kupitia mlango wa Msumbiji, huungana na maji yanayopita mashariki ya Madagaska, na kuwa Mkondo wa Agulhas, mmoja wa mikondo yenye nguvu sana duniani. Upepo wa magharibi ukipiga kinyume na mkondo huo, mawimbi huinuka ghafla kama kuta. Chini yake kuna sakafu ya bahari isiyo na kina kirefu inayoenea mbali sana kusini. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini palihitajika taa.

Mnara una historia gani, na ndani kuna nini?

Tarehe 30 Mei 1815, meli ya Kiingereza iitwayo Arniston, iliyokuwa ikirudisha askari majeruhi na familia kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ilivunjika mashariki kidogo ya hapa. Kati ya watu 378 waliookoka ni 6. Nahodha hakuwa na saa nzuri ya baharini ya kumwezesha kujua yuko longitudo gani, akadhani ameshaivuka rasi. Msiba huo na mingine iliyofuata ilifanya watu waanze kudai taa. Haikuja upesi. Ujenzi ulianza 1847, na taa ikawashwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1849.

Walijenga kwa mawe ya chokaa ya hapo hapo. Umbo lake liliigwa kutoka ule mnara wa kale wa Iskanderia huko Misri, kwa hiyo usitegemee nguzo moja nyembamba iliyosimama peke yake. Mbele kuna jengo kama ngome ndogo, na mnara wa mviringo wenye mistari myekundu na myeupe unachomoza katikati yake. Ni kama walitaka kuweka kichwa na mkia wa Afrika vifanane: Iskanderia kule kaskazini, Agulhas huku kusini. Kati ya minara ya taa ya Afrika Kusini inayofanya kazi bado, huu ni wa pili kwa ukongwe baada ya ule wa Green Point, Cape Town, wa 1824.

Taa ya mwanzo iliwaka kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kondoa, aliposikia hivyo alisimama hapo hapo kwenye ngazi. Kwao mafuta ya kondoo ni dawa ya kifua. Akasema, "Kumbe mafuta haya haya yameokoa meli." Kondoo wenye mkia mnene wa mafuta walifugwa huku na Wakhoi, wenyeji wa asili wa huku, karne nyingi kabla ya meli za Ulaya, kama wanavyofugwa kwetu.

Jengo lilichakaa kwa upepo na chumvi, mawe yakaanza kumong'onyoka. 1968 taa ilihamishiwa kwenye mlingoti wa aluminiamu uliosimamishwa kando, na kukawa na mazungumzo ya kuubomoa mnara. Wenyeji walikataa. Ukatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1973, ukakarabatiwa, na 1988 taa ikarudi juu mahali pake. Leo inatoa mmweko mmoja kila baada ya sekunde 5, na huonekana hadi maili 30 za baharini. Chini kuna makumbusho madogo ya minara ya taa, yenye lenzi, taa za zamani na picha za walinzi. Wape watoto nusu saa hapo kabla ya kupanda. Wakishajua lenzi inavyokusanya mwanga, wakifika juu wanajua wanachokitazama.

Watoto na wazee wanaweza kupanda?

Vipandio ni 71. Namba ni ndogo, shida ni mwinuko. Sehemu kubwa ni ngazi za mbao zilizosimama kama ngazi za kupandia darini, na kwenye matundu ya sakafu mtu mzima hana budi kuinama. Mtoto wa miaka sita au saba anayepanda miti hatasumbuka. Mtoto mchanga mgongoni, hapana. Nilimwona baba mmoja akijaribu na mwanawe kwenye mbeleko, akakwama katikati, hawezi kupanda wala kushuka, huku watu wakingoja juu na chini. Mtu mzima mmoja abaki chini na wadogo, kisha mbadilishane.

Mama mkwe alifika ghorofa ya pili akasema hapo panamtosha. Alikaa uwanjani kwenye jua akitazama bahari, na alipoulizwa jioni ni wapi alipopapenda zaidi, alitaja uwanja ule. Msimlazimishe mzee. Wenye magoti mabaya, pumzi fupi au kizunguzungu wabaki naye.

Vaeni viatu vya kufunga. Kanga na dira ndefu, yaani gauni na siyo ile ya baharini, hunasa kwenye ngazi, kwa hiyo mabinti wavae suruali ndani. Kofia mziache kwenye gari, maana upepo wa juu hauombi ruhusa.

Ni mwendo wa muda gani kutoka Cape Town?

Takriban kilomita 220, saa mbili na nusu hadi tatu bila kusimama. Mnafuata barabara ya N2, mnapanda mlima wa Sir Lowry, mnapita Grabouw kwenye mashamba ya matofaa, mnafika Caledon. Hapo mnaiacha N2 na kushika R316 kupitia Napier hadi Bredasdorp, kisha R319 hadi baharini. Yote ni lami.

Sisi hutoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Watoto hulala hadi Caledon, tunakunywa chai Napier, na saa tatu na nusu tuko mlangoni pa mnara kabla ya upepo kuamka na kabla ya magari mengi.

Kuanzia Caledon angalieni mashambani. Nchi hiyo ya vilima inaitwa Overberg na ni nchi ya ngano. Ndege wakubwa wa rangi ya kijivu na buluu wanaotembea wawili wawili ni korongo wa bluu, ndege wa taifa wa Afrika Kusini. Na ukiwa Napier, uliza kwa nini Napier na Bredasdorp ziko karibu hivyo. Wakulima wawili wakubwa, Michiel van Breda na Pieter van der Byl, hawakukubaliana kanisa lijengwe wapi, kila mmoja akashika lake, na mwaka 1838 ikaanza miji miwili.

Mvinyo wa Elim una nini cha pekee? Mbona tusiende Stellenbosch, ni karibu?

Stellenbosch ni nzuri na ni karibu, nendeni siku nyingine. Elim inastahili safari kwa sababu mvinyo wake ni mtoto wa bahari ile ile mliyoitazama asubuhi.

Mizabibu ya kisasa ilipandwa hapa miaka ya 1990, kwa hiyo ni eneo changa ukilinganisha na mashamba yaliyoanza karne ya 17. Watu walikuwa wakisema haiwezekani: pana upepo mno, pana baridi mno. Upepo unaotoka baharini huvuma karibu kila siku ya kiangazi na kupoza majani. Zabibu huiva taratibu, hubaki ndogo na ngozi nene, na uchachu wake hauishi. Udongo nao umejaa mawe mekundu ya chuma, kama murramu, ambayo wenyeji wanayaita mawe ya kahawa kwa rangi yake. Zabibu inayong'ara hapa ni Sauvignon Blanc, nyeupe, yenye harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi na pilipili hoho mbichi, na mwishoni mdomoni hubaki kitu kama chumvi. Mimi sikuwahi kuamini kwamba mvinyo unaweza kuonja mahali ulipotoka mpaka nilipoonja huu huku koti langu bado lina chumvi ya mnarani. Nyekundu iulizeni pia, hasa Shiraz, ambayo hapa huwa nyepesi na yenye ladha ya pilipili manga.

Mtanzania aliyewahi kupita Dodoma msimu wa zabibu atakuwa na cha kuuliza. Kwetu Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hauna majira ya baridi ya kuulaza. Elim huvunwa mara moja tu, kuanzia Februari hadi Machi hivi, na kuanzia Juni mashina husimama makavu bila jani. Mweleze anayewahudumia kuhusu Dodoma. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara zote mbili mazungumzo yaliongezeka nusu saa, kwa sababu mkulima wa zabibu popote alipo hushangaa kusikia habari ya mavuno mawili.

Tutembelee viwanda vingapi?

Viwili. Kwa familia yenye watoto kimoja kinatosha, viwili ni mwisho. Mkienda vitatu mtakuwa mnaendesha gari badala ya kukaa.

Strandveld ndicho kinachojulikana kuwa cha kusini zaidi, na kutoka baharini ndicho hukutana nacho kwa urahisi. Black Oystercatcher ni shamba la familia lililopewa jina la ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu anayeishi kwenye miamba ya pwani hii, ambaye huenda mlimwona asubuhi karibu na ncha. Pale kuna chakula, na watoto wana mahali pa kukimbia. Piga simu siku mbili kabla, hasa kwa Jumapili na sikukuu, na ueleze mko wangapi na watoto wangapi. Hapa siyo mjini. Sisi tuliwahi kuendesha hadi mlangoni pa shamba moja Jumapili mchana tukakuta geti limefungwa, na watoto wanne wenye njaa ndani ya gari.

Kuonja kunafanyikaje? Sijawahi.

Unakaa mezani au kaunta, unamiminiwa kidogo cha aina nne au tano mfululizo, nyeupe kwanza kisha nyekundu. Unanusa, unaonja, unauliza. Pana chombo cha kutemea na hakuna anayeona aibu kukitumia. Kutema hapo ni adabu ya kazi. Unalipa ada ndogo ya kuonja, na mara nyingi ukinunua chupa huilipi. Hulazimishwi kununua. Kwa sheria ya Afrika Kusini, aliye chini ya miaka 18 haonjeshwi, hata kama baba yake amekubali.

Sisi ni Waislamu, hatunywi. Safari hii inatufaa?

Nusu ya asubuhi inawafaa kabisa, na ukiniuliza mimi, nusu hiyo ndiyo yenye uzito. Mnara, ncha, ufuo, wavuvi, kijiji cha Elim, vyote havihusiani na pombe. Tulipokwenda na jirani zetu wa Mombasa, tuliviacha viwanda tukabaki baharini hadi alasiri, na hakuna aliyejuta.

Chakula bebeni kutoka Cape Town, ambako halali inapatikana kila mtaa kwa sababu ya Waislamu walioishi hapo tangu karne ya 17. Vijijini huku usiwe na uhakika wa mafuta yaliyokaangia samaki. Kuhusu kibla, ni kaskazini ikiegemea mashariki, kama digrii 21 kutoka kaskazini halisi. Kumbuka nilichosema juu ya sindano: dira ya mkononi hapa hudanganya kwa zaidi ya digrii 20. Tumieni programu ya simu iliyowekwa kwenye kaskazini halisi.

Nani aendeshe?

Mtu asiyeonja hata tone. Amueni nyumbani, jina lake lijulikane kabla ya kutoka. Kiwango cha juu cha sheria ni gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na vionjo vitano vya mvinyo katika joto la mchana huweza kukufikisha hapo bila kujihisi. Mbele yenu kuna kilomita 200 za barabara ya njia mbili, malori ya ngano, na jua la jioni machoni. Nina uchungu na jambo hili. Nimesimama kwenye mazishi ya rafiki aliyekuwa akirudi kutoka matembezi mazuri kama haya.

Dereva anunuliwe chupa yake ya kufungua nyumbani. Nyumbani kwetu ndiyo kanuni, na yeye ndiye huchagua wa kwanza.

Barabara ya kutoka baharini kwenda Elim ikoje?

Sehemu yake ni changarawe. Gari dogo linapita vizuri kiangazi, mradi msizidi kilomita 60 kwa saa na msifunge breki kwa ghafla kwenye kona. Baada ya mvua kubwa rudini Bredasdorp mkaingie Elim kwa upande ule. Mkikodi gari, someni mkataba kuhusu changarawe kabla ya kutia sahihi. Mafuta jazeni Bredasdorp, na ramani ipakueni kwenye simu, kwa sababu mtandao hukatika katikati ya mashamba.

Elim kijijini kuna cha kuona, au ni mashamba tu?

Simameni. Tafadhali simameni hata kwa dakika arobaini.

Wamisionari Wamoravian kutoka Ujerumani walianzisha kijiji hiki mwaka 1824 na kukipa jina kutoka kitabu cha Kutoka, pale Waisraeli walipofika penye chemchemi kumi na mbili na mitende sabini. Mpaka leo ardhi ni ya kanisa na wakazi ni waumini wake. Barabara kuu ni moja, nyumba nyeupe zenye mapaa ya nyasi zimepangwa pande mbili, kila moja na bustani yake, na mwisho wa barabara ni kanisa. Mafundi wa kuezeka wa Elim wanatafutwa nchi nzima. Pana pia kinu cha maji chenye gurudumu kubwa la mbao.

Mnyakyusa yeyote atajisikia yuko kwao. Wamoravian hao hao walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi waliyotoka wamisionari. Shemeji yangu wa Tukuyu aliingia kanisani Elim, akaona alama ya Mwanakondoo mwenye bendera, akaketi kwenye benchi la nyuma kimya kwa muda mrefu. Hajui Kiafrikaans hata neno moja, ila alipotoka alikuwa anamsalimia kila mzee mlangoni na wanaelewana.

Nyuma kidogo kuna mnara mdogo wa kumbukumbu ya kukombolewa kwa watumwa, uliowekwa mwaka 1938, miaka mia baada ya watumwa wa koloni la Rasi kuachwa huru. Wengi wa waliokombolewa walikuja kwenye vijiji vya misheni kama hiki kutafuta makao. Watumwa wa Rasi waliletwa kutoka Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji, kwa hiyo wamo waliosafirishwa kutoka pwani inayopakana na yetu, kwa kuufuata ule ule mkondo. Wageni wengi hupita na gari kuelekea kwenye mvinyo bila kujua kipo. Mimi huwapeleka watoto hapo kwanza.

Miezi gani ni mizuri?

Novemba hadi Machi kuna joto na siku ndefu, Desemba na Januari jua huzama karibu saa mbili usiku, ila upepo ni mkali na Desemba watu hujaa. Septemba ndiyo ninayoipenda: kanola, zao la mafuta, imechanua njano vilima vizima, nyangumi bado wako pwani (huja kati ya Juni na Novemba kuzaa), na mvua zimepungua. Juni na Julai mvua ya baridi hunyesha ubavuni, na saa kumi na mbili jioni ni giza. Mwezi wowote, bebeni koti la kuzuia upepo kwa kila mtu, hata mkiamka Cape Town kwenye jua la kuchoma.

Mvua ikinyesha?

Nendeni kwenye makumbusho ya meli zilizozama, Bredasdorp, yaliyo ndani ya kanisa la zamani. Kuna sanamu za mbao zilizokuwa kwenye pua za meli, kengele, nanga na vyombo vya mezani vilivyookotwa. Watoto huvumilia saa nzima.

Kuna nini kingine kwa watoto baada ya mnara?

Bandari ya Struisbaai, dakika kumi tu kwa gari. Wavuvi wakirudi na kuanza kusafisha samaki, taa wakubwa huingia hadi kwenye maji ya magotini kula mabaki. Nazungumzia taa samaki, yule bapa mwenye mkia. Binti yangu akiwa na miaka mitano alisema asubuhi ameona taa ya juu na mchana ameona taa ya chini, na tangu siku hiyo safari hii nyumbani inaitwa safari ya taa mbili. Msiwashike, wana mwiba mkiani. Tazameni kutoka gatini.

Magharibi ya ncha, ukifuata njia ya pwani, kuna mabaki ya Meisho Maru 38, meli ya uvuvi ya Kijapani iliyokwama mwaka 1982. Mabaharia walinusurika. Kutu imekula sehemu kubwa ya chuma, kila mwaka naiona imepungua.

Tunatoka Afrika Mashariki. Nyaraka gani tuandae?

Watanzania na Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Ndugu zetu wa Kongo wanahitaji viza na waianze mapema. Kwa mtoto bebeni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote, na kama anasafiri na mzazi mmoja, barua ya idhini ya mwenzake. Gari huendeshwa kushoto kama kwetu. Leseni iwe na picha na maandishi ya Kiingereza.

Tulale huko au turudi?

Kwa wenye watoto wadogo kurudi siku hiyo hiyo kunawezekana: ondokeni Elim saa tisa na nusu na mtakuwa Cape Town kabla ya saa moja. Lakini kama bajeti inaruhusu usiku mmoja L'Agulhas, laleni. Mnara mchana ni jengo. Usiku, baada ya chakula, waveshe watoto makoti juu ya nguo za kulalia, wapeleke nje mkazime taa za gari. Mwanga utapita juu ya vichwa vyenu kwenda baharini. Wafundishe kuhesabu taratibu, moja hadi tano, na wakifika tano utapita tena.